Jina Lililokosekana Darajani

Ofisi ya Manispaa,
Kaptaraja, kupitia Kapkatet.
Jumapili, baada ya ibada.

Tata, baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wote wanaokula nawe. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Kaka Zack alinipigia akaniambia kwamba umeanza tena kupeleka majani chai mwenyewe hadi kituo cha kununulia, kikapu mgongoni, na ukiambiwa upumzike unajifanya husikii. Tafadhali mwache yeye abebe. Na yule ng'ombe mweusi amezaa? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila kifua kinanisumbua kidogo kwa unyevu wa huku.

Najua utashangaa kupata barua wakati ambapo hata matanga yanatangazwa kwa simu. Lakini kwenye simu ni lazima nipaze sauti ndipo unisikie, na haya si maneno ya kupaziwa sauti boma zima lisikie. Vaa miwani uyasome wewe mwenyewe, polepole. Zack atayajua baadaye, ukitaka ayajue.

Umeniuliza mara nyingi kuhusu picha ya ule ubao wa darajani. Nilikujibu kwamba simu yangu imeharibika kamera. Haijaharibika, Tata. Nilikosa namna ya kuanza, na hata sasa nitaanzia mbali.

Hujawahi kufika Kaptaraja, ingawa umelitaja jina lake maisha yako yote. Ni mji wa barabara moja. Barabara inateremka kutoka kwenye mashamba ya chai, inapita kati ya maduka ya zamani ya Wahindi yenye veranda na nguzo za mbao, inapita kinu cha kusaga mahindi, kisha inafika mtoni. Wenyeji hulitamka daraja kama "taraja", na hapo ndipo mji ulipopata jina lake. Mto Itare unabanwa hapo kati ya miamba miwili, maji yanapiga kelele usiku na mchana hata mtu akitoka kwenda pengine anahisi masikio yamepungukiwa na kitu. Ukisimama darajani na kutazama kaskazini, ni chai tupu, kijani kimoja hadi msituni. Ukigeuka kusini, ni vishamba vidogo vidogo, mahindi, ng'ombe wawili hapa, watatu pale, na moshi wa majiko.

Nilipofika sikujua kwa nini kingo mbili za mto mmoja zifanane kidogo hivyo. Sasa najua, maana ndiyo kazi niliyopewa. Zamani hapa palikuwa kivuko tu, na wakati wa kiangazi Wakipsigis walivusha mifugo yao hapo. Wazungu walipotaka ardhi ya chai, waliufanya mto kuwa mpaka. Ukingo wa kaskazini wenye mvua ya kila alasiri ukawa wao. Wenye nyumba huko waliambiwa wavuke na mifugo yao wakakae ukingo wa kusini, wakauita rizavu. Kisha chai ikakosa mikono ya kuichuma, na mikono ikaletwa kutoka kwetu Gusii na kutoka kwa Wajaluo. Vita vya Hitler vilipokwisha wakajenga daraja la mawe kwa ajili ya malori yao. Upande wa kusini wakaweka kizuizi na askari. Bila kipande, kile kitambulisho cha mfanyakazi, mtu havuki. Ng'ombe wa rizavu hakuruhusiwa hata kunusa upande wa pili.

Mwaka jana mji ulipopewa hadhi ya manispaa, kamati iliamua kusimamisha ubao wa historia hapo darajani, nami nikaambiwa nikusanye habari. Kwenye mkutano mzee mmoja aliuliza, bila kunitazama, kama mji umekosa mtoto wake wa kuandika habari zake hadi watafute Mkisii. Katibu wetu, Bwana Kipkosgei, alimjibu kwamba waliobeba yale mawe walikuwa Wakisii pia, basi aandike. Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, lakini nilirudi chumbani kwangu jioni ile nikakaa kitandani bila kuwasha stima.

Sikuwahi kukueleza jinsi ninavyoishi huku kwa sababu nilijua ungesema nirudi. Watu ni wema. Wananisalimu, kanisani wananiachia nafasi. Lakini wakikaa pamoja wanazungumza lugha yao, na nikiingia wanageukia Kiswahili kwa ajili yangu, na mazungumzo yanapoa kama chai iliyosahauliwa. Kuna Jumamosi ambazo sauti yangu naisikia mara moja tu, ninapomwambia muuza maziwa "asante". Ndiyo sababu kazi ya ubao niliipenda. Ilinipa sababu ya kubisha milango ya watu.

Nilipokupigia kukuambia, ulinitaka nirudie mara mbili. Halafu ukasema, "Basi andika jina la baba yangu. Nyamwange. Andika kwamba alikufa hapo." Nikasikia umeanza kulia, nawe ukasema ni mafua.

Nilimtafuta Babu kwa moyo wangu wote. Nilizunguka na Bwana Kipkosgei kingo zote mbili. Wazee waliikumbuka habari ya mafuriko kama ulivyotusimulia: mvua ilinyesha milimani, mto ukaja ghafla mchana, jukwaa la miti walilosimamia wajenzi likang'oka. Jioni msimamizi Mzungu akaita majina, na wale ambao hawakuitika wakahesabiwa kuwa wamekufa. Nikapata jina la Mjaluo mmoja, Oketch, na la Mkipsigis mmoja. Babu nikamwandika kwa neno lako. Majina yote matatu yakapelekwa kwa mchoraji.

Siku moja tulifika ng'ambo kwa mama mmoja mjane aitwaye Chepkirui, nyumba yake iko chini kidogo ya daraja, mto unapopinda. Ni mwembamba, mrefu, wa miaka sabini na kitu, anaishi peke yake na ng'ombe wake. Alitukaribisha vizuri. Nilipomsomea majina ya waliokufa, nilipofika kwa Nyamwange aliinuka akasema ng'ombe amefungua kamba. Ng'ombe alikuwa amelala pale pale tukimwona. Aliporudi akasema hajui chochote, na akatuaga.

Wiki ile ile alikuja ofisini peke yake, amevaa nguo ya kanisani, amebeba kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando. Akafunga mlango. Aliniuliza Nyamwange niliyemwandika ni wa ukoo gani, na alitoka wapi. Nikamwambia. Akaniuliza kama alikuwa na mtoto. Nikamwambia alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, naye ndiye baba yangu. Akanitazama sana, kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Futa hilo jina, mama. Huyo mtu hakukufa. Huyo mtu ni baba yangu."

Tata, kama umesimama, tafadhali keti.

Alinieleza kwamba mto ulimbeba Babu ukamtupa kwenye ile kona, ukingo wa rizavu, mguu umevunjika. Watu wa boma lile walimkuta kwenye matete wakamficha. Walimficha kwa sababu siku hizo mfanyakazi aliyeacha mkataba wa Mzungu alikamatwa akafungwa, na nani angeamini kwamba ameachishwa na maji? Mguu ulipona ukiwa umepinda. Hakuwa na kipande, kilikwenda na mto, na bila kipande hangeweza kurudi kwa daraja wala kupita barabarani. Akakaa, akachunga ng'ombe zao, akajifunza lugha yao. Wakampa jina la ukoo wao. Watoto waliozaliwa baadaye kijijini hapo walimjua kwa jina hilo tu, ndiyo maana hakuna aliyeniambia. Alioa binti wa boma lile. Chepkirui ndiye mtoto pekee aliyebaki kwao. Alipokuwa msichana wenzake walimwita mtoto wa mtu aliyeletwa na maji, na hadi leo, anasema, kuna nyumba ambazo hukaribishwa hadi mlangoni tu.

Nilimwuliza kile ambacho najua wewe unajiuliza sasa hivi. Uhuru ulipokuja, kipande kikatupwa, kizuizi kikaondolewa, kwa nini hakurudi? Kutoka hapa hadi kwetu ni safari ya asubuhi.

Akasema Babu hakulificha jambo hilo kwao. Miaka michache baada ya mafuriko, kabla hata ya yeye kuzaliwa, alikwenda kwa vichochoro hadi soko la mpakani mwa Gusii, kule watu wetu wanakouzia ndizi. Alikuwa amejipa moyo wa kumtafuta mtu wa kumpelekea habari nyumbani. Akakaa karibu na muuza ndizi mmoja wa upande wetu, akamchokoza kwa maneno kujua hali ya huko. Yule mtu, bila kujua anazungumza na nani, akamsimulia kisa cha kijana aliyechukuliwa na mto kwenye daraja la Wazungu, kwamba mwili ulipokosekana wazee walizika shina la mgomba badala yake, na mke wake akanyolewa nywele. Babu alisikiliza mazishi yake hadi mwisho. Akanunua ndizi asizozihitaji, akarudi ng'ambo.

"Mtu akishazikwa, anarudi kama nani?" ndivyo alivyokuwa akisema. Aliogopa kwamba akiingia bomani watoto watakimbia, na kwamba kifo alichokwepa kitaingia pamoja naye na kumchukua mwingine, wewe labda. Alijiambia atakwenda mwaka ujao, kukiwa na mavuno mazuri. Ukafika, ukapita. Halafu akawa na watoto huku, na woga ukawa aibu. Zack alizaliwa, mkampa jina la Nyamwange, na mwenye jina alikuwa bado yu hai, anakamua ng'ombe ukingoni mwa Itare. Alifariki mimi nikiwa mtoto mchanga.

Sikumwamini mara moja, Tata. Nilimwuliza maswali kama askari. Lakini alilijua jina la Nyanya. Alijua jina la kijito kilicho chini ya shamba letu, ambalo hata Zack halijui. Na alipochoka na maswali yangu, alikunja kidole cha shahada na kukisugua juu ya nyusi, vile vile unavyofanya wewe ukichoka na sisi.

Jioni ile ile nilikwenda kwa mchoraji nikamwambia afute jina. Alininung'unikia kwa sababu rangi ilikuwa imekauka. Bwana Kipkosgei aliniuliza kwa nini, nikasema nilikosea, naye ni muungwana, hakuuliza zaidi. Siku ya uzinduzi waheshimiwa walikuja, watoto wa shule wakaimba, kitambaa kikavutwa. Ubao una majina mawili. Chini yake kuna nafasi iliyopakwa rangi upya, inang'aa kuliko pengine pote. Hiyo ndiyo picha uliyokuwa unaisubiri, na ndiyo sababu sikuituma. Ningeweza kuliacha jina, na hakuna mtu ambaye angenipinga. Ungekuja ukaligusa kwa mkono wako na ukafa ukiwa na baba shujaa. Nilipima jambo hilo siku nyingi. Lakini ningekuwa namzika mara ya pili mtu ambaye kando ya kaburi lake nimesimama.

Maana nimesimama hapo. Chepkirui alinipeleka. Liko nyuma ya nyumba yake, limeota nyasi, limezungushiwa mawe ya mtoni. Siku hizi nakwenda kwake kila Jumapili. Tunakula kimyeti, ugali wao, na mboga, hatuzungumzi sana. Bado ni mgumu kuzoeleka, na mimi vile vile. Sijui nimwite nani. Juzi nilimwita shangazi, akatazama pembeni, akaniongezea mboga.

Tata, sikuandikii haya ili nikuamuru umsamehe Babu. Wewe ndiye uliyekua bila baba, ukaacha shule ili Nyanya apate wa kumlimia. Ukiona hutaki kulisikia jambo hili tena, nitaheshimu, na ukinipigia tutazungumza habari za ng'ombe na mvua tu. Chepkirui naye hataki kipande cha shamba wala kuitwa ndugu mbele za watu. Nilimwuliza anataka nikuambie nini.

Akasema baba yake alipokuwa anakufa, aliwakataza wasimlilie. Aliwaambia kwamba watu wake walikwisha kumlilia, na mtu haliliwi mara mbili. Nao walimtii. Walimteremsha kaburini kimya, wakafukia, wakaenda kukamua. Hadi leo hajamlilia baba yake. Ndipo akaniambia, "Mwulize ndugu yangu, kama anakumbuka mwenyewe ama mama yake alimwambia. Walilia sana? Walimlilia vizuri?"

Nikamwahidi nitakuuliza. Jibu unalo wewe, Tata, na anangoja.

Nisalimie Zack na mkewe, na watoto wote, na majirani wa ng'ambo ya kijito. Uwekee goti mafuta ya moto kabla ya kulala. Mungu akulinde hadi tutakapoonana uso kwa uso.

Ni mimi, binti yako,
Esnah Nyakerario