Kwa Karani, Mbwa Wetu Tuliyemuaga Siku ya Sabato

Mwaka umekatika, Karani, tangu mchana ule ulipovuta pumzi yako ya mwisho mapajani mwa Ishmael, bwana wako, kwenye baraza letu hapa Nyamache. Watu huwaandikia wazazi na watoto wao maneno kama haya. Wewe ulikuwa mbwa, tunajua, na anayetaka kucheka acheke.

Jina hilo hukupewa na sisi. Lilitoka kituo cha majani chai, ulikokuwa ukimfuata Ishmael kila alipopeleka majani kupimwa. Uliketi kando ya mizani ukimkazia macho kila mkulima, kana kwamba ameficha mawe ndani ya gunia. Karani wa kweli akasema basi sasa wako wawili, na tangu siku hiyo hakuna aliyekuita Tomi tena.

Ulikuwa na mambo yako. Ugali mkavu hukuugusa hata njaa ikuume vipi. Kuku wa Nyanchera, mkewe Ishmael, uliwalinda vizuri, ila mayai yao uliyaonja kisirisiri, na ukishikwa ulitazama pembeni kama mtu aliyeitwa na mwingine. Mwizi hukumwogopa. Mwavuli ndio uliokukimbiza.

Kisha mguu wa nyuma ukavimba. Tulidhani umejigonga, tukaukanda kwa maji moto. Cynthia, binti yetu, alipokuja kutoka Kisii mjini hakuridhika, akamwita Gentrix, daktari wa mifugo wa Keroka. Daktari alikupapasa akasema ni saratani ya mfupa, na kwa umri wako haingetibika. Angeweza kukupunguzia maumivu kwa muda. Baada ya hapo ingebaki sindano ya kukulaza moja kwa moja.

Uamuzi ukamwangukia Ishmael, kwa kuwa ulikuwa mbwa wake kuliko wetu sote. Alikuwa amechinja mbuzi na kuku wengi bila kusita, lakini hili lilimshinda.

"Nitajuaje siku imefika?" akamuuliza daktari.

"Mwangalie wakati hajui unamwangalia, mzee. Anakula? Analala, ama anahangaika tu? Mkikaa anakuja, ama anajitenga? Siku mbaya zikishinda nzuri, usingoje."

"Lakini bado ananitingishia mkia."

"Mkia atakutingishia hata akikata roho. Hiyo ni heshima yake kwako. Si afya."

Neno hilo la mkia liliingia sikio moja likatokea la pili. Kila asubuhi Ishmael alitoka, akatingishiwa mkia, akarudi ndani kututangazia kwamba umepata nafuu. Ulikuwa umekonda hadi mbavu zikahesabika. Jirani yetu Ombui alijitolea kukumaliza bure kwa sumu ya fuko. Alishukuriwa, akapewa chai, akasindikizwa hadi langoni.

Ijumaa ulikataa hata maziwa. Hapo Ishmael akampigia daktari simu, wakapatana Jumapili. Jumamosi ni sabato, na katika boma letu siku hiyo hakuna kazi wala maziko. Hakuna aliyeona ajabu, maana kwetu hata maiti ya mtu hungoja.

Maumivu hayakungoja. Sabato ilikucha ukilia, huwezi kulala, huwezi kusimama. Ishmael alikuwa ameshavaa suti, Biblia kwapani. Alifika langoni, akarudi. Akaenda tena, akarudi tena. Tulimwonea huruma, karibu sawa na ile tuliyokuonea wewe.

"Baba Cynthia," Nyanchera akamwambia, "kondoo akitumbukia shimoni siku ya sabato, si anatolewa? Bwana Yesu mwenyewe alisema."

"Huyo anatolewa, Mama Cynthia. Huyu ni mimi namtia ndani."

"Yuko ndani tayari."

Ishmael akavua koti, akapiga simu.

Daktari alifika kabla ya adhuhuri. Alitueleza kila hatua kabla ya kuifanya, nasi tunaiandika hapa kwa faida ya yeyote mwenye mbwa mgonjwa. Sindano ya kwanza ilikuwa ya usingizi. Maumivu yakakuachilia, kichwa kikawa kizito, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi ukakoroma. Ya pili aliitia kwenye mshipa wa mguu wa mbele.

"Macho hayatafumbika," alituonya. "Anaweza kuvuta pumzi moja au mbili baadaye, ama mkojo utoke. Huo ni mwili tu. Yeye hasikii kitu."

Yote yakawa kama alivyosema. Akakuwekea kifuani chombo cha kusikilizia moyo, akasikiliza, akatuambia umekwenda. Tulikuwa tumejiandaa kwa jambo la kutisha. Lilikuwa tulivu na la haraka, na hilo ndilo lililotuuma, tukikumbuka tulivyokuacha uteseke tukiliogopa.

Daktari alituagiza tukuzike kina kirefu, kwa sababu dawa ile hubaki mwilini na mnyama atakayekufukua atakufa. Ishmael alikufunika kwa leso ya kujifunga ya Nyanchera, akakaa nawe barazani mchana kutwa. Jua lilipotua na sabato kuisha, akachukua jembe, akachimba kando ya migomba mpaka shimo likamfika kiunoni. Ombui alikuja na sururu bila kuitwa, wakapokezana.

Habari zilifika kanisani kabla yake. Sabato iliyofuata, mzee wa kanisa mwenzake, Ratemo, alimsimamisha mlangoni akamuuliza kama ni kweli alileta daktari siku takatifu kwa sababu ya mbwa.

"Ni kweli," Ishmael akasema. "Na nilichelewa."

Zamu ya kuomba ilikuwa yake siku hiyo. Aliombea wagonjwa, akaombea mvua, akaombea walio safarini. Kisha akamshukuru Mungu kwa ajili yako, kwa jina, mbele ya kanisa zima. Wapo waliokohoa, na wapo waliocheka. Alingoja wamalize, akalitaja tena.

Wanaokukumbuka ni Ishmael Ombati na mkewe Nyanchera, binti yao Cynthia, na jirani yako Ombui.

Hatutakusahau, Karani, maisha yetu yote.