Breki Safi za Clovis

Odile, pua yangu haidanganywi na mtu. Samaki akianza kuoza huko kwako, mimi huku najua. Ila leo breki za trela zimeungua nyuma yangu njia nzima, nami nikadhani ni soksi za Clovis.

Kinyaa, mwenzangu! Gurudumu linafuka moshi, uduvi wa chambo umemwagikia humo unakaangika, na juu yake ndiyo mashua ya marehemu kaka yangu. Ingebaki majivu!

Fundi Theriot akafungua tairi, akakunja uso. "Bibi, pedi zimeng'ang'ania diski. Kutu ya chumvi tupu. Hizi zilionja maji ya bomba lini?"

Mume wangu huyo, kifua mbele: "Naziosha kila tukitoka baharini!"

Kila! Eti kila!

"Unaziosha kwa kitu gani, Clovis?"

"Si kwa ule mpira wetu wa kumwagilia bustani! Hata Jumapili nimeziosha."

Odile, nilimtazama kama kitu nilichokikanyaga. Nikamuuliza, "Mpira upi, baba? Huo ambao Odile aliuazima Pasaka na mpaka leo uko kwake?"

Akageuka kumuuliza fundi kama mvua itanyesha.