Mama Alivyolisugua Gari la Wakwe

Kibosho, Moshi
Jumapili, 21 Septemba 2003

Mpendwa Shangazi Dominika,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti lako limepoa. Na mzee wako hapo Sumbawanga, kifua chake kinaendeleaje? Mahindi mmeshayaingiza ndani yote?

Sisi hatujambo. Baba ana mafua kidogo, ambayo anayaita malaria ili apikiwe supu. Ng'ombe mweusi amezaa, ndama jike, na amesimama vizuri. Kahawa haina bei, kwa hiyo upande huo hakuna jipya.

Shangazi, najua simu zimeshakufikia. Kibosho hapalali. Umeambiwa kwamba wakwe walifukuzwa, kwamba Mama ameingiwa na wazimu, na kwamba posa ya dada Hilaria imevunjika. Ningekupigia, lakini vocha ingekatika kabla sijafika kwenye kiini. Kaa chini basi, uisikie kwangu mimi niliyekuwepo.

Kwanza ujue kwamba tangu Mei nimeacha kukaa nyumbani na cheti changu cha kidato cha nne. Ninajifunza kupiga magari polishi kwa mashine, kwenye gereji ya Fundi Elimringi, mtu wa Machame, pale mjini. Siku hizi Moshi imejaa magari yaliyotumika Japani, na kila mwenye nalo anataka ling'ae kama limeshushwa melini jana. Wapo wanaosema si kazi ya msichana. Nimewaacha waseme, maana mdomo ni mali yao.

Somo la kwanza nililipata vibaya. Niliwasha mashine ikiwa bado hewani, na sponji yake imejaa dawa. Dawa ilimrukia Fundi kuanzia kola hadi viatuni, akabaki amefumba macho kama mtoto anayenyolewa. Tangu hapo najua kwamba sponji huigusa rangi kwanza, ndipo unapowasha. Somo la pili ni kutokandamiza. Mimi nilikandamiza kama ninayesaga ulezi, kwenye mlango mbovu tulio nao wa kujifunzia, hadi rangi ya pembeni ikaisha na nyeupe ya chini ikatokeza. Fundi akaniambia nimeshavuka mpaka wa Holili bila pasi.

Jioni nilikuwa namweleza Mama mambo hayo nikijiona profesa. Nilimwambia kwamba polishi, ukiitazama vizuri, ni kukwangua tu: dawa ina kitu kama mchanga laini mno, kinachokwangua rangi kidogo kidogo mpaka mikwaruzo inapotea. Mama akasikia mchanga na kukwangua. Hayo mengine hakuyashika. Akasema kazi hiyo ameifanya tangu usichana wake, na sufuria zake zote ni mashahidi. Nikacheka. Ningejua, nisingecheka.

Sasa ile Jumamosi ya posa. Watu wa Martin, mchumba wa Hilaria, walikuja kutoka Kilema, wakiongozwa na baba yake mkubwa, Mzee Sirili, ambaye ndiye msemaji wao. Walikuja na pombe yao ya mbege, ndani ya gari la bluu iliyokolea waliloazima kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini ili wasifike kwetu kinyonge. Njia yetu unaijua. Lilifika limejaa vumbi hata usijue ni la rangi gani, na kuku wakalipanda kabla wageni hawajakalishwa.

Ndani mazungumzo yalikwenda vizuri, ikabaki kutaja siku ya harusi tu. Mimi nilikuwa jikoni nageuza kiburu, ndizi na maharage. Mama akachungulia nje, akaona aibu wageni waondoke na gari chafu kana kwamba wametoka kwa watu wasiojua maji. Akachukua ndoo, majivu na stiliwaya ya kusugulia sufuria. Alisugua boneti yote na mlango mmoja, Shangazi, kwa mapenzi, huku akiimba wimbo wa Bikira Maria.

Nilipotoka nilimkuta anatabasamu, majivu hadi kwenye viwiko, akaniuliza kama Fundi wangu angeweza kumpita. Boneti ilikuwa imefifia kama ubao wa shule uliofutwa kwa kitambaa kikavu. Mara wanaume wakatoka. Mzee Sirili hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alisema tu, "Mama, gari hili si letu," wakapanda, wakaondoka. Siku ya harusi haikutajwa.

Hilaria alijifungia chumbani. Mama hakula siku hiyo wala kesho yake, na misani hakwenda, jambo ambalo mimi sijawahi kuliona tangu nizaliwe. Aliniita uani akaniuliza, "Evelyn, niambie kweli, nimemharibia mwenzako maisha?" Niliumia sana, kwa sababu elimu ile ya nusu niliyompa ilikuwa ya kwangu.

Aliyetuokoa ni Baba, kaka yako. Alikata jani la isale nyuma ya nyumba, akalifunga fundo, akashuka mjini, akapanda Kilema kuomba radhi kama wazee walivyofanya. Isale halikataliwi, wewe unajua. Mzee Sirili alilipokea kwa mikono miwili, akasema yeye na watu wake wamesamehe. Lakini mwenye gari ni mtu wa Singida, na kwake isale ni jani tu. Alikuwa safarini, angerudi Ijumaa kulitaka gari lake kama alivyolitoa. Asiporidhika, ukoo wote wa Martin ungeaibika kwa ajili yetu, na hapo nani angetaja tena harusi? Ndipo Baba, bila kuniuliza, akamwambia Mzee Sirili kwamba ana binti anayeijua kazi hiyo. Shangazi, gari la mteja nilikuwa sijaligusa hata moja.

Gari lilipoletwa gereji, Fundi Elimringi alilizunguka, akalipapasa, akaguna. Kwenye mikwaruzo mibaya alianza yeye mwenyewe, kwa msasa wa maji ulio laini kabisa. Kisha akanikabidhi mashine. Nilimsihi amalizie, akasema ana gari jingine la kushughulikia, na gari jingine halikuwepo.

Mama alikuwa pale. Alikataa katakata kubaki nyumbani. Sasa, waya wa mashine haufai kuburuzwa juu ya rangi, kwa hiyo Fundi alimtwika Mama waya ule begani, akawa ananifuata nyuma kila ninaposogea, kama msimamizi aliyeshika shela ya bibi harusi. Mama yangu! Unaweza kuamini?

Tulifanyia kivulini, maana jua hukausha dawa. Nilipaka kipande kidogo, nikamaliza, nikahamia kingine, mashine nikiiacha ibebwe na uzito wake yenyewe. Kila mara niliweka kiganja nisikie joto, na likizidi nilipumzika. Kwenye kingo tulibandika selotepu ya karatasi, kwa sababu huko rangi ni nyembamba na mimi nina historia. Nilipokifuta kipande cha kwanza, niliiona sura ya Mama ndani ya bluu ile, machozi yanamtoka. Nilifurahi, Shangazi. Nilifurahi mpaka Fundi akaniuliza kama nimeajiriwa kutazama.

Lakini si yote iliyotoka. Karibu na taa ya kushoto ilibaki mikwaruzo michache, na Fundi akanikataza kuifuata, kwa kuwa rangi ilikuwa imebaki kidogo na chini yake ni bati. Nilinung'unika. Akasema mtaka yote hukosa yote, akachomoa waya ukutani.

Ijumaa jioni Mzee Sirili na Martin walikuja gereji pamoja na mwenye gari mwenyewe. Walikuwa wameshamwambia ukweli, na uso wake ulikuwa umekunjamana. Kabla hajafika kwenye boneti Mama akamtangulia, akaweka kidole palepale penye mikwaruzo iliyobaki, akasema, "Baba, hapa ni mimi. Hapa hapakutoka. Nisamehe." Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Yule mtu aliinama, akatazama. Akalisogeza gari juani, akaizunguka boneti, akarudi mlangoni, akaenda upande wa pili. Kisha akageuka akauliza nani amefanya kazi hii. Nikajitokeza, dawa imenikaukia hadi kwenye nyusi. "Sasa umeniletea matatizo," akasema. "Upande huu umekuwa mpya, ule mwingine unaona haya. Nitalileta Jumatatu unimalizie." Nami nimeshalimaliza, Shangazi, na amelipa bila kubishana.

Mzee Sirili alimgeukia Mama. Alimtazama kwa ule uso wake mkavu, akamuuliza, "Mama Hilaria, siku ya harusi tutakuja na magari mengi. Nani atayaosha?"

Mama akajibu, "Evelyn. Mimi sitoki jikoni."

Hapo Martin alicheka hadi akashika ukuta, na ndivyo tulivyojua kwamba harusi ipo. Ni Jumamosi tarehe 27 Desemba, hapa parokiani kwetu. Nauli ianze kutafutwa sasa, maana binti hatolewi nyumbani pasipo shangazi yake, na Hilaria amesema bila wewe hapandi gari lolote, hata ling'ae vipi.

Nami nina matumaini mengi. Desemba ndugu zetu wa Dar watapanda huku na magari yao kula Krismasi, na matawi ya kahawa na masale ya njiani yatayakwaruza kama kila mwaka. Fundi amesema mashine ya pili itakuwa chini ya mkono wangu. Niombee nisikandamize.

Baba anakusalimu sana, Hilaria anakusalimu, na Martin pia ingawa bado anaona haya. Nisalimie mzee wako, Magreth na mumewe, na wale mapacha. Mungu awape afya na akunyooshee safari hadi mlangoni kwetu.

Nimebakiza neno moja. Mama hajui kwamba nimekuandikia haya. Jana ndiyo mara ya kwanza amerudi kusali jumuiyani tangu mkasa ule, na alirudi ameinua kichwa. Wewe ni wifi yake na ulimi wako naujua. Tafadhali, usimtanie kwa simu wala kwa barua. Mtanie ukishafika, mbele yetu sote, ukiwa umemkumbatia.

Ni mimi mwanao ninayekupenda na kukungoja,
Evelyn