Vema ya Tarehe Thelathini na Moja

2 Julai

Mpenzi Baba Kidoti,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo? Kifua kimepoa? Sisi wazima. Kidoti ametimiza miaka sita na mdomo wa miaka sitini. Bonge anaota meno, kila anayemsogelea anang'atwa.

Ratiba ya ibada uliyotuachia bado iko ukutani: kengele ya saa kumi na moja alfajiri, zaburi, maombi dakika ishirini, mstari wa kukariri, na jioni tena. Karatasi ya Juni hii hapa, kila kisanduku kina alama ya vema kama ulivyoagiza. Naishia hapa, sare za shule zinanisubiri kwenye cherehani.

Mkeo,
Mama Kidoti

14 Julai

Mke wangu,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mimi mzima, ila moshi wa kuchomelea ndio hauishi.

Karatasi nimeipata. Nilifurahi mpaka nikawaonyesha wenzangu kazini. Yule tunayemwita Mzee wa Vipimo akaitazama, akaangua kicheko: "Shemeji anasali mpaka siku ambayo haipo!" Umetia vema tarehe 31. Juni ina siku thelathini, Mama Kidoti. Hizi vema ulizitia siku ngapi?

Mumeo,
Baba Kidoti

21 Julai

Baba Kidoti,

Sisi hatujambo. Nawe naona hujambo, maana nguvu za kunianika mbele ya wenzako unazo.

Nilizitia siku moja. Jumamosi, kwa pumzi moja, Bonge mgongoni, sufuria inafoka. Na hicho kisanduku cha thelathini na moja alikichora nani? Wewe, na rula yako!

Sasa nisikilize. Kengele yako ikilia, Bonge anaamka anapiga mayowe, nami nasoma zaburi ya amani nimekunja uso. Hayo ningevumilia. Lakini juzi nilimkosa Kidoti. Nikamtafuta hadi chooni. Nikamkuta kabatini, nyuma ya nguo zako, ameziba masikio.

"Unafanya nini humo?"

"Namkimbia Mungu wa kengele."

Baba Kidoti! Mtoto aliyekuwa anawaombea hata sisimizi kabla ya kuwaruka! Niliingia nikakaa naye humo humo, nikalia.

Ratiba nimeibandua. Simwachi Mungu, namtoa mwanangu kabatini kabla hajayazoea maisha ya humo. Na wewe, kabla hujanijibu lolote, nitumie karatasi yako ya Juni. Ulichora mbili, nakumbuka.

Mama Kidoti

19 Agosti

Baba Kidoti,

Salamu. Sisi wazima. Karatasi je?

Mama Kidoti

6 Septemba

Mke wangu mpenzi,

Natumaini hamjambo wote. Mimi mwili mzima.

Karatasi yangu hii hapa. Usiigeuze kutafuta upande wenye alama, haupo. Tangu nifike huku sijasali hata mara moja. Wiki ya kwanza nilichoka, ya pili nikaona aibu, ya tatu nikaizoea hiyo aibu. Nikajiambia, nyumbani wakisali na mimi nimo. Ndiyo maana nilikukazia hivyo. Nilikuwa nasali kwa magoti yako.

Nisameheni, wewe na Kidoti.

Mumeo

13 Septemba

Mume wangu,

Sisi wazima. Bonge sasa ana meno manne, mikono yangu ni ushahidi.

Nimekusamehe, ila bado nimekasirika, usichanganye mambo. Magoti yangu yana kazi zake.

Kila siku saa moja kasorobo asubuhi namchana Kidoti nywele, amekaa kwenye kigoda katikati ya hayo magoti. Mwanzo alinuna. Nikaomba peke yangu, sentensi moja: "Bwana, tusaidie na haya mafundo." Akacheka. Siku ya tatu akatoa yake. Sasa nikichelewa ananifuata na kitana mkononi. Ibada yetu ndiyo hiyo: kila mtu sentensi moja, kila siku. Tukiruka, tunasema tumeruka. Jana Kidoti alisema, "Na Baba naye apate wa kumchana."

Saa hiyo wewe unavaa glavu. Sentensi moja kabla hujavaa miwani ya kuchomelea. Yako, kwa mdomo wako. Karatasi ya Oktoba hiyo hapo, nimeichora mimi. Uongo usinijazie, nitautambua. Nimeshaufanya.

Mkeo,
Mama Kidoti

1 Novemba

Mke wangu,

Salamu kwako, kwa Kidoti, na kwa Bonge na meno yake. Mimi mzima.

Karatasi hii hapa. Utaona visanduku thelathini vitupu. Kila asubuhi nilivaa glavu, nikafungua mdomo, nikaufunga, nikavaa miwani. Jana nilisema, "Bwana, ni mimi." Nikakwama hapo. Mwenzangu akaniuliza moshi umeniingiaje machoni na hata hatujawasha.

Vema iko tarehe 31. Nimemuuliza Mzee wa Vipimo: Oktoba inayo.

Mumeo,
Baba Kidoti