Hita ya Gari la Kaka Muadh

Jumatatu, 6 Novemba 2023

Mvua. Karafuu zote zimo ndani, kwenye majamvi ukumbini, chumbani kwa Mama, hata chini ya kitanda changu. Zisipopata jua zitavunda ziwe mpeta, na mpeta haina wa kuitaka. Mama kutwa anazigeuzageuza na kutazama mlangoni.

Kaka Muadh kapiga simu kutoka Muscat. Tangu apunguzwe kazi wimbo wake ni mmoja: karafuu zikitoa kitu mwaka huu, shamba la Ole libaki. Zisipotoa, tuuze. Mama kawasalimia wajukuu, kanirudishia simu. Kaburi la Baba limo mle shambani! Nani anauza kaburi?

Jumanne, 7 Novemba

Nimepata akili. Au wazimu, tutaona. Gari la Muadh, alilotuachia, lina hita. Hakuna aliyewahi kuigusa — nani anataka moto Pemba? Nimelaza viti vya nyuma, nikatandika shuka, nikamwaga karafuu, nikawasha injini na kufungulia hita mpaka mwisho. Vioo nimeacha upenyo wa kidole. Ukitia mkono ndani, joto la jikoni! Mama kacheka mpaka kashika mbavu. Petroli inateketea, najua. Hesabu hiyo sitaki kuifanya.

Magharibi feni ya hita ikanyamaza. Injini inanguruma, feni kimya. Kwa nini?

Jumatano, 8 Novemba

Ni fyuzi. Nimeiona mwenyewe, kawaya kake kamekatika. Nimeweka mpya, feni ikavuma. Naenda kusali alasiri, narudi — kimya. Nikatia nyingine. Safari hii feni nikaifungulia namba moja tu, polepole. Ikadumu, nikafurahi, ikakatika. Kwa nguvu inakatika, polepole inakatika. Basi inataka nini?

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Mvua za vuli zinatoka wapi naweza kukueleza ubaoni. Hili limenishinda.

Alhamisi, 9 Novemba

Kaja Fundi Ishak, wa umeme wa magari. Karafuu tulizitoa mbio kabla hajafika. Mama anaona haya, watu wasije wakasema kwa marehemu siku hizi karafuu zinaanikwa garini. Lakini harufu utaificha wapi? Ishak kanusa, kanitazama, kauliza hita nataka ya nini. Nikasema kioo kinaingia ukungu. Si uongo, kinaingia.

Kaishusha feni kutoka chini ya dashibodi. Imejaa makonyo! Vijiti vya karafuu vimeifunga kama mdomo wa aliyefunga saumu. Kasema ndiyo maana ilikuwa inavuta umeme mwingi, ilikabwa. Kaisafisha, ikazunguka kwa kidole tu. Nikamshukuru, nikamtilia chai. Fyuzi ikakatika hata kikombe hajakimaliza.

Ijumaa, 10 Novemba

Baada ya sala Ishak kanirudia. Leo kaitoa feni kabisa, kaiweka barazani, waya zinaning'inia. Katia fyuzi mpya. Ikakatika. Feni iko barazani na fyuzi inakatika! Sasa inakatwa na nani, shetani? Shoti, kasema. Kuna waya umechubuka unagusa bodi. Wapi? Hajui. Mpaka dashibodi yote ishuke, na hiyo si kazi ya leo wala kesho.

Ikabidi niseme kweli. Hakucheka. Karafuu zake pia zimo ndani.

"Mwalimu, ungenambia jana. Hita hino n'ya kupasha miguu, si ya karafuu."

Nikamwomba atie kipande cha waya pale pa fyuzi, siku mbili tu. Kakataa.

"Fyuzi yakatika ili gari isiungue. Mie waya sitii."

Karudisha feni mahali pake, kaaga. Nimekasirika, na sijui nimemkasirikia nani.

Jumamosi, 11 Novemba

Mvua. Zile za chini ya kitanda zimeanza kupauka. Mama kazichagua peke yake, kazitenga kwenye ungo.

Jumapili, 12 Novemba

Waya nimeutia mwenyewe. Kipande cha shaba kutoka kwenye redio mbovu, nimekisokota kikaenea. Feni inavuma tangu asubuhi! Juzi haikudumu kwa lolote, leo haisiti. Nimechukua karafuu iliyo karibu na tundu la hewa, nikaikunja — ko! Kavu. Mama kaipokea kiganjani, kaivunja tena, kalia kidogo. Tumemwaga nyingine ndani.

Saa kumi simu ya Muadh. Nimeipokelea barazani, Mama ubavuni. Sauti yake haikuwa ile ya siku zote. Kasema halali usiku.

"Rawya, shamba tuliache. Nimepata mteja wa gari, mtu wa Chake, kesho atakuja kulitazama. Gari halina kaburi."

Mama kasujudu pale pale, juu ya sakafu ya baraza. Na mimi nimesema alhamdulillahi, na nimesema kweli, Mungu anajua. Nikageuka kutazama gari. Vioo vyeupe pe. Jumanne pia vilikuwa vyeupe, ule ulikuwa mvuke wa karafuu. Huu unatokea kwenye usukani.

Nimezima injini. Ule waya nimeuchomoa kwa pindo la kanga na umeniunguza vivyo hivyo. Milango nimefungua yote minne. Weupe bado unatoka, haupungui, hauzidi. Mvuke au moshi? Nanusa, nanusa, siku zote hizi pua yangu haijui ila karafuu. Mama kaniuliza kile ni nini. Nimemwambia mvuke. Kaniamini, kaenda kumpigia simu Bi Zulekha, dada yake, ampe habari njema.

Nimeshika kalamu kwa kuwa sijui nishike nini kingine. Muadh katuma ujumbe sasa hivi. Anataka picha za gari, za ndani hasa. Mteja anapenda aione dashibodi.