Usaili wa Pazia la Kijani

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa mwili, maana wa moyo najua si mzima. Wifi yangu ameniambia huli vizuri, na kwamba unashinda kibarazani kwa Mama ukinyoosha misumari iliyopinda. Mama naye hajambo? Mguu umepungua kuvimba? Mkumbushe kuwa ile dawa ni ya kupaka yeye, si ya kuwagawia majirani. Mimi huku sijambo, ila mafua hayaniishi. Ofisi ya Pamoja imefungiwa kiyoyozi kabla ya kufungiwa milango ya vyoo.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatia kabla sijafika ninapotaka kufika. Kazi yako ya zamani imefutwa na hii mpya umeikosa, na uliniomba nikutafutie ni nani katika jopo aliyekuangusha, ili umtaje kwenye rufaa. Nimeshamjua. Lakini nivumilie kwanza nikusimulie ilivyokuwa, kwani ujinga wenyewe ukisimuliwa nusu hauaminiki.

Unajua jinsi tulivyoingizwa kwenye ushirikiano huu. Halmashauri yetu, ile ya ng'ambo ya mto na ile ya kwenye machimbo ya mawe, eti zote tatu zipeleke mishahara, manunuzi, kompyuta na masijala kwenye ofisi moja. Mkurugenzi wa mpango, huyu tunayemwita Bwana Tija kwa sababu hawezi hata kunywa maji bila kulitaja neno hilo, alisema mwananchi hajali nani kanunua ufagio, mradi mtaa umefagiliwa. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga kwa vidole viwili.

Ungeiona ofisi yenyewe ungecheka hata na huzuni yako. Sisi tulitoa meza, ng'ambo wakatoa viti. Meza zetu ni ndefu na viti vyao ni vifupi, kwa hiyo watu wazima wenye shahada zao wanakaa videvu vikigusa meza kama watoto walioalikwa chakula cha wakubwa. Machimboni walitoa birika lisilo na kifuniko, pamoja na ujumbe wa watu wa kulisimamia.

Hakuna anayemwamini mwenzake. Barua ikifika, dada wa mapokezi lazima aisome kwa sauti mbele ya aliyeileta kabla ya kugonga muhuri, asije mtu akasema kesho kwamba halmashauri nyingine ilibadilisha maneno. Dada huyo ametoka ng'ambo, na nilimcheka tangu siku ya kwanza. Ana mkoba mkubwa ambao huufungua kwa kelele kila mtu akianza kuongea, na sauti isiyopanda wala kushuka, kama anatangaza mabasi yaliyochelewa. Nilikuhadithia habari zake mezani kwa Mama. Nilisema mtu kama yule hafai kuachiwa hata ufunguo wa stoo, anafaa kuonyeshwa pa kukaa tu, tukacheka mpaka Mama akamwaga chai.

Basi ikaja nafasi ya Mkuu wa Manunuzi. Kila halmashauri iliogopa nyingine zisimpendelee mtu wao, na Bwana Tija, aliyekuwa ametoka semina, akaja na dawa. Alitundika lile pazia la kijani la ukumbini, linalonuka dawa ya mende, katikati ya chumba. Mwombaji anakaa upande wa pili na kunong'ona majibu yake kwenye bomba la karatasi ngumu, lile lililobaki baada ya kutandika zulia. Upande wetu dada wa mapokezi ametega sikio kwenye bomba, kisha anatusomea alichosikia, neno kwa neno, ili tusitambue sauti. Ndiyo maana hata mimi, dada mtu, niliruhusiwa kukaa kwenye jopo. Na likawekwa sharti kwamba mjumbe mmoja akitoa sifuri kwenye swali lolote, mwombaji ameanguka, hata wengine wamsifu vipi. Hilo sharti kila upande ulilidai, ili uweze kuwachinja watu wa wenzake.

Walipita wawili watatu wa hovyo. Mmoja, ambaye baadaye nilijua ni wa machimboni, kila swali alijibu kwamba inategemea. Huyo ndiye bosi wangu sasa, na mpaka leo inategemea.

Ukaja wewe. Nilikutambua kwenye jibu la kwanza, maana ulisema "kwa kifupi" kisha ukaenda mpaka dada wa mapokezi akaomba upumue. Nilitaka kucheka. Nilikupa alama zote, nikakupa tena kwenye la pili na la tatu, na si kwa undugu, kwa sababu kazi unaijua. Nilishaanza kufikiria nguo ya kuvaa kwenye sherehe yako.

Swali la mwisho lilikuwa langu. Niliuliza mkuu atawaongozaje wafanyakazi wa halmashauri tatu katika chumba kimoja. Ulijibu kwamba kwanza watu wachambuliwe, kwani kuna wa kuongozwa na kuna wa kuonyeshwa pa kukaa. Ukatoa mfano wa yule wa mapokezi mwenye sauti ya mabasi yaliyochelewa, kwamba hafai kuachiwa hata ufunguo wa stoo. Najua kwa nini ulisema. Yeye humjui ila kwa hadithi zangu, hukujua sikio la nani lilikuwa kwenye bomba, na ulitaka nijue kuwa ni wewe.

Yeye hakuruka neno. Alituambia hayo yote kwa sauti ileile, haikupanda wala kushuka, na alipomaliza akauliza kama jopo lingependa arudie. Mjumbe wa ng'ambo, bosi wake mwenyewe, alicheka akapiga meza. Wa machimboni alicheka. Bwana Tija akasema mwombaji huyu ni mkweli. Lilikuwa jambo la kwanza ambalo halmashauri zote tatu zimewahi kukubaliana juu yake. Dada akaufunga mkoba wake, taratibu, bila kelele. Nilitamani kuingia chini ya meza, na kwa viti vile nilikuwa nimeshafika nusu ya safari.

Mdogo wangu, aliyekupa sifuri ni mimi.

Usidhani nimekuwa mtu mwema ghafla. Bado nawadharau wote, Bwana Tija, bomba lake na birika la machimboni. Lakini nilisikia maneno yangu yakitoka kwenye mdomo wa mwanamke yule, nikajichukia, na wewe ndiye uliyekuwa karibu. Kwa sifuri siombi radhi, ningekupa tena leo. Ninaloombea radhi ni yale mazungumzo ya mezani kwa Mama, kwa sababu mimi ndiye mkubwa na mimi ndiye niliyeanza kucheka.

Rufaa andika, ni haki yako. Ila usiandike kwamba umeonewa na watu wa ng'ambo. Andika kwamba ni dada yako, na jibu lako la swali la mwisho uliweke lote kama ulivyolitamka, maana bila hilo hawatakuelewa. Kisha uilete mwenyewe mapokezi. Ataipokea yeye, atakukaribisha kiti, na atakusomea.

Nisalimie Mama na umwambie mwisho wa mwezi nitakuja, kama utaniruhusu kupita hapo kibarazani. Wifi yangu mpe pole ya kukuvumilia. Wanao waambie shangazi yao anawapenda, na kwamba wasirudie kila kitu wanachomsikia akisema.

Nakutakia afya njema na usingizi.

Ni mimi,
Dada yako