Magadi ya Ng'ombe Uliyokunywa Wewe

Baba, shikamoo. Nakuamkia tu, kwa sababu kunyamaza nimeshindwa.

Tangu uondoke tumehamishwa mkoa bila kusogea: Gendabi yetu sasa iko Manyara, siyo Arusha tena. Katesh nako maduka ya dawa ya watu binafsi yamejaa, na vidonge vya tumbo vinanunuliwa kama pipi. Wewe ulikuwa na magadi ya ng'ombe, yale tuliyowachotea ziwani Balangida wayalambe. Tumbo lilipokuuma ulimega kipande, ukakoroga kwenye kikombe cha bati, ukameza, ukanicheka mimi niliyekunja uso kuliko wewe. "Mama yako asijue," ulisema. Nikakuchotea maji miaka miwili. Niliona suruali inakulegea kiunoni, nikakaa kimya.

Nasomea maabara mjini, Baba. Jioni hakuna wa kuniuliza nimekula nini. Wiki iliyopita mwalimu alifundisha saratani ya tumbo, ile iliyokuchukua. Alisema ndani ya seli zetu kuna jeni ambazo kazi yake ni kuzuia seli zisizaliane ovyo. Tumbo likiugua miaka mingi, mara nyingi kwa sababu ya bakteria anayeishi humo, jeni hizo zinaweza kubandikwa alama za kemikali, mwili ukaacha kuzisoma. Hazijakatika, hazijapotea. Ni kama mbwa wa boma aliyefungwa mdomo: yupo, meno anayo, na fisi anapita. Nilitoka darasani nikalia.

Nilimuuliza kama magadi ndiyo yaliyokuua. Alisema hawezi kujua. Kwa niliyomsimulia, anachojua ni kwamba maumivu yalitulia, na yalipotulia hukuenda hospitali. Hilo linanichoma, Baba. Linanichoma sana.

Na Mama... Mama anaamini alikuua kwa mapishi yake ya chumvi nyingi. Tangu tukuzike hajatia chumvi chunguni, wala hapikii wageni. Nikienda likizo tunakula mboga isiyo na ladha, kila mmoja anatazama sahani yake. Nami nimemwacha hivyo, naitunza siri yako utadhani ni urithi.

Kwaheri, Baba. Nilikutii ukiwa hai, lakini sasa basi. Jumamosi napanda gari la Katesh. Nitaketi naye jikoni, nitamweleza kwamba uliugua muda mrefu, na kwamba nilijua. Nakuahidi. Akinifukuza, nitakaa uani mpaka aniite kula.

Binti yako.